MSHUBIRI WA ASILI KATIKA UWANJA WA NYUMBA

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya nyanda kavu. Yanachapishwa ili kila katibu ayasome katika mkutano wa wanachama wake kabla ya mvua za kupandia.)

Chama cha ushirika hupimwa kwa mambo mengi: hesabu zake, mizani yake, ghala lake, na jinsi kinavyowalipa wakulima wake. Lakini mgeni afikapo, kabla hajafunguliwa daftari lolote, kitu cha kwanza kukiona ni uwanja. Aghalabu hukuta hali moja kati ya mbili. Ama uwanja ni mtupu, umefagiwa mwaka hadi mwaka hata udongo wa juu umekwisha na mizizi ya mti wa kivuli imebaki wazi; ama pana bustani ndogo ya maua ya kigeni, imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ndani yake vimesimama vijiti vikavu. Maua hayo yalinunuliwa kwa fedha za wanachama, yakamwagiliwa kwa maji ya kubeba kichwani, na kiangazi kilipokaza yakafa. Mwaka wa pili hununuliwa mengine.

Hali ni hiyo hiyo majumbani. Mwanachama anayejenga nyumba bora ya bati na saruji hutamani uwanja wake upendeze kama wa mjini, naye hupanda kile alichokiona mjini. Lakini katika Dodoma wastani wa mvua ya mwaka haufiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki, mmea ulioletwa kutoka nchi ya mvua huishi kwa jasho la mtu, na mtu huyo kwa kawaida ni mama wa nyumba au binti yake, ambaye tayari anabeba maji ya kupikia, ya kunywa na ya kuogea.

Mazungumzo haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba nchi kavu inayo mimea yake ya kupamba na kuhifadhi uwanja, na kwamba mmea huo hapana budi uzalishwe kitaluni kwa mbegu, usije ukang'olewa porini. Mfano uliochaguliwa ni mshubiri wa asili.

MMEA WENYEWE

Mishubiri ni ukoo mkubwa. Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zaidi ya 500, karibu zote zikiwa za Afrika, Bukini na Bara Arabu. Ile inayouzwa mijini kwa jina la alovera asili yake ni Bara Arabu. Unaozungumzwa hapa ni wa kwetu, nao huota wenyewe tangu Sudan Kusini na Ethiopia, kupitia Kenya, mpaka Tanzania na Rwanda. Wamasai huuita osuguroi na Wakamba huuita kiluma. Wataalamu huuita Aloe secundiflora, jina lililotolewa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1895.

Jina hilo la Kilatini lina maana inayomsaidia mtu kuutambua: maua yake huelekea upande mmoja. Mmea wenyewe hauna shina refu. Majani yake, mazito na mapana, hutoka chini na kujipanga mviringo kama petali za ua kubwa. Kila moja laweza kufika urefu wa nusu mita au zaidi, na kingo zake zina miiba mifupi migumu yenye ncha za kahawia. Katikati hupanda bua la maua lenye matawi mengi, refu kama kimo cha mtoto wa shule au hata zaidi, na juu ya kila tawi maua mekundu au ya waridi hutazama juu yote kwa upande mmoja. Jani likikatwa hutoa utomvu wa manjano, mchungu mno. Huo ndio shubiri yenyewe, ambayo watu huitaja wanaposema kwamba jambo fulani ni chungu kama shubiri.

Neno shubiri na neno subira yana asili moja katika Kiarabu. Mwenye kuupanda mmea huu atahitaji vyote viwili, kwa maana haukui upesi. Mche utokanao na mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa bua la kwanza la maua.

KWA NINI HAUFI KWA KIANGAZI

Mimea mingi hufungua vitundu vya kupumulia vilivyomo katika majani yake wakati wa mchana, na hapo jua huwa linanyonya maji yake. Mshubiri hufanya kinyume. Hufunga vitundu vyake mchana, ukavifungua usiku wakati wa baridi na umande, na hewa iliyoingia usiku huhifadhiwa ndani ya majani ili itumike jua litakapochomoza. Pili, ngozi ya jani ni ngumu na yenye nta. Tatu, ndani ya jani mna ute mwingi ambao ni ghala la maji. Mvua ikinyesha, hata kidogo, mizizi iliyotandaa karibu na uso wa ardhi hunywa upesi na ghala hujazwa. Kiangazi kikifika, mmea hutumia akiba yake kwa uchache.

Makatibu hawana haja ya kuelezwa zaidi maana ya mwenendo huo. Chama kinachojaza akiba wakati wa mavuno na kuitumia kwa kipimo wakati wa njaa hakianguki.

Kutokana na hali hiyo kuna ishara ambayo huwadanganya wengi. Kiangazi kikizidi, majani ya mshubiri husinyaa kidogo na kugeuka rangi, yakawa na wekundu au ukahawia. Mwenye nyumba hudhani mmea unaugua, naye huumwagia maji ndoo kwa ndoo. Hapo ndipo huuua. Rangi hiyo ni nguo ya kiangazi. Mvua ikirudi, kijani nacho hurudi. Ugonjwa wa kweli hujulikana kwa jani linalolainika, likawa na majimaji na harufu mbaya tangu chini, na chanzo chake aghalabu ni maji mengi mno.

FUNZO LA YUKKA

Watu wa nchi nyingine nao wamepita njia hiyo. Katika majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani, miji ilipojengwa, mbele ya kila nyumba yalipandwa majani laini ya nchi za mvua, na maji mengi yakatumika kuyanywesha. Mwaka 1981 idara ya maji ya mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, ilianza kuwafundisha wananchi kutengeneza bustani zinazotaka maji machache. Mmoja wa mimea ya asili inayofaa bustani za namna hiyo ni yukka, yenye majani marefu yaliyochongoka kama panga na maua meupe yanayoning'inia. Jimbo jirani la New Mexico lililichagua ua la yukka kuwa ua la jimbo tangu mwaka 1927.

Yapo mambo mawili ya kujifunza katika habari hiyo. Kwanza, watu wenye fedha na mabomba kuliko vijiji vyetu waliona faida ya kurudia mmea wa nchi yao. Pili, yukka haifai kuigwa hivi hivi. Huko kwao huchavushwa na nondo mdogo maalumu, ambaye hubeba chavua kutoka ua hadi ua, hutaga mayai yake ndani ya ua, na viwavi wake hula sehemu ya mbegu na kuacha nyingine. Nondo huyo hayupo Afrika Mashariki. Ndiyo sababu yukka zilizopandwa mbele ya hoteli na ofisi za mijini huchanua lakini kwa kawaida hazizai mbegu zenyewe. Ni mgeni aliyekuja bila jamaa zake.

Mshubiri wa asili jamaa zake wote wako hapa. Ndege chozi huja kunyonya utamu wa maua yake, na nyuki huja kuchukua chavua. Kwa mwanachama mwenye mizinga hilo ni jambo la maana, kwa sababu mshubiri huweza kuchanua wakati wa ukavu, wakati ambapo nyuki hawana maua mengi ya kuchagua. Kinachofaa kuigwa kwa Wamarekani hao, basi, ni shauri lao la kuutafuta mmea wa mahali penyewe.

HESABU YA MAJI

Yafaa jambo hili liwekwe katika hesabu. Tuseme bustani ya maua ya kigeni mbele ya ofisi ya Chama inamwagiliwa ndoo 2 za lita 20 kila siku. Kiangazi cha siku 180 kitakula ndoo 360, yaani lita 7,200. Mwaka wa pili ni lita 7,200 nyingine, na wa tatu vivyo hivyo.

Mahali hapo hapo ipandwe mishubiri 40. Katika kiangazi cha kwanza kila mche upewe nusu lita kila baada ya siku 15. Hiyo ni lita 20 kwa kila umwagiliaji, na katika siku 180 mara 12, jumla lita 240, ambazo ni ndoo 12. Kiangazi cha pili, miche iliyoshika vizuri haipewi maji.

Tofauti ya mwaka wa kwanza ni ndoo 348. Katibu anayemlipa mchota maji kwa kila ndoo na aizidishe kwa bei ya kijijini kwake. Na pale ambapo maji huchotwa na mama bila malipo, izidishwe kwa hatua za kutoka nyumbani hadi kisimani.

KUZALISHA MICHE

Mshubiri huu kwa kawaida husimama peke yake, wala hautoi machipukizi mengi ya pembeni kama alovera. Kwa hiyo njia kubwa ya kuuzalisha ni mbegu. Hatua ni hizi:

(a) Maua yakishapukutika hubaki matunda madogo ya kijani yenye vyumba vitatu. Yaachwe mpaka yageuke kahawia, yachumwe kabla hayajapasuka na upepo kuchukua mbegu. Mbegu ni bapa, nyeusi au za kijivu, zenye kingo nyembamba kama bawa.

(b) Mbegu zichumwe kutoka mimea kadhaa, na katika kila mmea yaachwe matunda ya kutosha kuzalia pori lenyewe. Mshubiri mmoja uliotengwa peke yake huzaa mbegu kwa shida, kwa maana huhitaji chavua ya mwenzake. Tena, mishubiri ya aina mbalimbali ikichanua mahali pamoja huzaana na kutoa machotara. Anayetaka mbegu safi asiichanganye.

(c) Utengenezwe mchanganyiko wa mchanga wa mtoni sehemu mbili na udongo wa msituni au samadi iliyokwisha kuoza sehemu moja. Chombo kiwe debe lililokatwa au karai kuukuu, lenye matundu chini. Mbegu zitawanywe juu, zifunikwe kwa mchanga mwembamba tu, na ziwekwe katika kivuli hafifu.

(d) Maji yanyunyizwe kidogo kidogo ili mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Mbegu mpya huanza kuota baada ya majuma machache. Mbegu iliyokaa kabatini muda mrefu huota kwa uchache.

(e) Mche ukiwa na majani manne au matano uhamishiwe katika mfuko au kopo lenye matundu, na ukae humo mpaka ufike urefu wa shibiri moja. Katika muda huo uzoezwe jua taratibu.

Pale ambapo mmea umetoa chipukizi la pembeni, laweza kutengwa kwa kisu safi pamoja na mizizi yake. Lisipandwe siku hiyo. Liwekwe kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, kwa kuwa jeraha bichi likiingia katika udongo wa unyevu huoza.

KUPANDA NA KUTUNZA

Mahali pawe na jua na pasituame maji. Udongo wa changarawe au wa kichanga hufaa sana. Penye mfinyanzi, litengenezwe tuta lililoinuliwa kwa mawe na kokoto, mche upandwe juu yake. Chini ya michirizi ya bati si mahali pa mshubiri, kwa maana huko maji humwagika kwa wingi na kuozesha kitako chake. Lakini hatua chache kutoka hapo, pale maji ya bati yanapoanza kuchimba vijifereji uwanjani, mishubiri ikipandwa kwa mstari unaokingama na mteremko, pamoja na safu ya mawe, hupunguza mbio za maji na kuzuia udongo. Hilo hulinda msingi wa nyumba pia.

Mche upandwe mwanzo wa mvua, umbali wa sentimita 60 mpaka mita moja kutoka mwenzake. Mizizi ndiyo ifunikwe. Kitako cha majani kibaki juu ya udongo. Samadi nyingi haina faida, kwani hulainisha majani na kuyakaribishia magonjwa. Magugu yapaliliwe mwaka wa kwanza, hasa nyasi ndefu.

Maadui wake ni wachache. Wadudu wadogo weupe wanaoganda juu ya jani kama magamba hufutwa kwa kitambaa na maji ya sabuni. Mbuzi hawapendi majani kwa uchungu wake, bali bua la maua huweza kuliwa, na mche mdogo huweza kukanyagwa. Kwa hiyo miche ilindwe kwa matawi ya miiba mpaka ikue. Ieleweke pia kwamba mshubiri haukamiliki kuwa uzio wa kuzuia ng'ombe. Mahali pake ni mbele ya nyumba, kando ya njia, juu ya kingo za matuta na katika sehemu zenye mawe.

Wapo watakaosema kwamba minyaa ni rahisi zaidi, kwani tawi lake huchomekwa tu. Ni kweli, na minyaa ni ua mzuri la boma. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni huleta maumivu makali na yaweza kudhuru uoni. Karibu na mlango, mahali watoto wanapochezea, mshubiri ni salama zaidi. Ubaya wake ni miiba ya kingoni na uchungu wa utomvu.

DAWA NA HATARI

Sifa ya mshubiri kuwa dawa ni ya kale, nayo huwavutia wengi. Hapa pana haja ya kusema kwa uangalifu.

Utomvu wa manjano ni dawa kali ya kuharisha. Haufai kunywewa ovyo, na mama mjamzito, anayenyonyesha, au mtoto asipewe kabisa. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa shubiri na kuuzwa bila cheti cha daktari ziondolewe madukani, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Mwenye ugonjwa aende zahanati.

Wafugaji wa sehemu nyingi hukatakata jani na kulitia katika maji ya kuku wakati wa mdondo. Desturi hiyo ni ya zamani, na watafiti wameichunguza. Hata hivyo kinga ya mdondo inayotegemewa ni chanjo. Mwanachama asiache kuchanja kuku wake kwa kutumaini mmea ulio uwanjani.

Tena, si kila mshubiri ni huu. Katika pori kavu la mpakani mwa Kenya na Tanzania uko mshubiri mwembamba wenye shina refu, unaoitwa na wataalamu Aloe ballyi, ambao jani lake likivunjwa hutoa harufu ya panya. Huo ni sumu. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: penye harufu ya panya, mkono urudi nyuma.

SHERIA NA BIASHARA

Sehemu hii inawahusu makatibu kuliko zote.

Mishubiri ya porini imepata kuwa mali ya magendo. Nchini Kenya, utomvu ulikingwa na kuchemshwa porini, ukauzwa kwa madalali, na mimea mingi ikateketea. Mwaka 1986 Rais wa nchi hiyo alitoa amri ya kukataza uvunaji wa mishubiri ya porini. Biashara haikufa kwa amri hiyo. Iliendelea kwa siri, na mvunaji, akiwa hana pa kushtakia, alipokea bei yoyote aliyopewa. Mwaka 2007 zilitungwa kanuni za kuruhusu biashara ya mishubiri iliyopandwa, kwa leseni.

Katika ngazi ya mataifa, Mkataba uliofikiwa mjini Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini unaweka mishubiri yetu ya asili chini ya udhibiti. Alovera ndiyo iliyoachwa nje. Tanzania na Kenya zote zimo katika Mkataba huo. Basi akija mtu na lori akitaka majani au utomvu wa kupeleka ng'ambo, swali la kwanza la katibu liwe juu ya kibali, na la pili liwe juu ya bei.

Maana ya habari hizo ni hii. Jani lililokatwa shambani na jani lililokatwa porini hufanana. Mwanachama aliyepanda kwa jasho lake, kama hana maandishi, hana la kumtofautisha na aliyeng'oa usiku. Kitakachomtofautisha ni daftari la Chama.

Wapo wanachama watakaouliza: ikiwa mmea huu hauuzwi kwa urahisi, faida yake ni nini? Jibu ni kwamba faida ya kwanza haipiti sokoni. Ni ndoo za maji zisizobebwa, udongo usiochukuliwa na mvua, fedha ya maua isiyotumika kila mwaka, na uwanja wenye rangi wakati nchi yote imekauka. Atakayepanda kwa ahadi ya mnunuzi asiyejulikana, ambaye hana mkataba wa maandishi, ajue kwamba anacheza kamari na shamba lake. Apande kwanza kwa ajili ya nyumba. Soko halali likija, litamkuta ana mmea na ana maandishi.

KAZI YA CHAMA

Kanuna ya saba ya ushirika, katika zile zilizotangazwa mjini Manchester mwaka 1995, yahimiza vyama kuijali jamii vinamoishi. Kitalu cha mishubiri ni njia nyepesi ya kuitimiza. Inapendekezwa kila Chama kifanye yafuatayo:

1. Kichague sehemu ndogo nyuma ya ofisi iwe kitalu, na mtu mmoja awe na dhamana yake. Kazi isiyo na mwenyewe hufa pamoja na miche yake.

2. Mbegu zichumwe kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, mahali panapojulikana, bila kung'oa mmea hata mmoja. Pale ambapo mishubiri imekwisha, Chama kiombe mbegu kutoka Chama jirani.

3. Lifunguliwe daftari la kitalu lenye safu hizi: tarehe, mahali mbegu zilikotoka, idadi iliyopandwa, idadi iliyoota, idadi iliyogawiwa, jina la mwanachama, na idadi iliyo hai baada ya kiangazi. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Chama chaweza kujivunia kugawa miche 500, lakini kama iliyo hai ni 30, kazi iliyofanyika ni ya miche 30.

4. Bwana shamba au bibi shamba aalikwe siku ya kugawa miche, aitambue aina yake mbele ya wanachama na kuwaonyesha jinsi ya kupanda. Walimu na watoto wa shule washirikishwe, maana wao ndio walinzi wazuri wa mche mdogo.

5. Uwanja wa ofisi ya Chama upandwe kwanza. Mwanachama huamini zaidi kile alichokiona kikipita kiangazi mbele ya macho yake.

Ndugu Makatibu, Ndugu Wajumbe,

Jambo lililoelezwa hapa halihitaji mkopo wa benki wala gari la Chama Kikuu. Lahitaji debe kuukuu, mchanga wa mtoni, kiganja cha mbegu, na mtu wa kuandika katika daftari kile kilichotendeka. Miche itakayosiwa sasa itakuwa tayari kuhamishwa mvua za mwaka ujao. Wakati wa ukaguzi, daftari la kitalu liwekwe mezani pamoja na vitabu vingine vya Chama, na safu ya mwisho iwe imejazwa.

Ushirika udumu.